Daftari la Anwani

Ambokile, nakuachia hili daftari.
Limeloa mara mbili: mara moja mvua ya Tukuyu,
mara ya pili chai, na chai ilikuwa yangu.
Usicheke kwamba nimeandika kwa peni
vitu vinavyoishi hewani.
Kompyuta ya chumba cha habari imekufa mara tatu tangu nifike,
na kila ilipofufuka haikumjua mtu.
Daftari halikatikiwi umeme.

Nakili polepole. Nukta ni nukta.
Ukiruka kistari kimoja
utabisha hodi kwenye nyumba ya watu wengine,
nao watakukaribisha, wakuuzie viatu.

Ukurasa wa kwanza ni kamusi.
Najua umesoma. Ifungue tu.
Mimi nilisoma hewani kwamba diwani ameuasi ushirika wa kahawa,
kumbe aliuasisi.
Silabi moja, na barua mbili za wakili.

Wa nne ni bajeti za halmashauri.
Zimefichwa mahali peupe, kurasa mia tatu,
nyingine zimepigwa picha kiubavu; shingo itakuuma.
Soma hadi majedwali ya nyuma kabisa.
Huko nilikuta zahanati iliyojengwa mara mbili
na mgonjwa wake wa kwanza bado anaisubiri.

Wa tisa nimeuzungushia wino mwekundu:
pale unapoipa mashine picha
ikakuambia picha hiyo ilizaliwa wapi.

Usiku ule wa Aprili kila simu ilikuwa nayo,
daraja limekatika katikati, basi linaning'inia,
na chini yake maneno: Nsongola, sasa hivi.
Mhariri Mwaisumo alikwisha kuvaa sauti ya msiba.
Nikasema, nipe dakika kumi.
Mtandao ukapanda kama lori la viazi kwenye mwinuko,
ukasimama, ukahema, ukapanda,
kisha ukajibu: miaka sita iliyopita. Bara jingine.

Nikaitazama tena ile picha.
Usukani wa basi uko kushoto.
Kando ya barabara hakuna hata mgomba mmoja.
Mgomba, Ambokile! Rungwe hii!
Macho yangeniambia bila bando,
lakini macho nayo huogopa pamoja na watu.

Hatukuitangaza.
Jumbe zikamiminika: redio imelala, redio imenunuliwa.
Alfajiri nikampigia Tusekile, muuza magimbi wa pale mtoni.
"Daraja lipo," akasema. "Nimeliegemea."
Nikacheka, kicheko cha mshindi.
Akaningoja nimalize.
"Ila kalavati la juu, la kwendea shule, limeondoka na maji.
Hilo nalo mnasubiri nani alipige picha?"

Sikuwa na jibu, na bado sina.
Picha ilikuwa ya uongo, mvua ilikuwa ya kweli,
nami usiku kucha nilikuwa nimeshughulika na ya uongo.
Nilikwenda kwa bodaboda hadi tope lilipotukatalia,
nikavua viatu, nikapanda kwa miguu.
Ng'ambo walisimama watoto kumi na tisa na sweta zao za kijani,
mmoja ameweka ufagio begani kama askari,
wanayatazama maji yakipita walipopita jana.
Niliwahesabu kwa kidole.

Kwa hiyo ukurasa wa mwisho hauna tovuti.
Una Tusekile. Una Gwakisa, fundi wa bomba la kijiji.
Una muuguzi Anyelwisye, ambaye hupokea simu baada ya saa mbili usiku
na husema ukweli akiwa amechoka.
Baadhi ya namba zimekufa; zipige hata hivyo,
wakati mwingine hupokea mtoto wa mwenyewe.
Na usiwatafute siku ya mafuriko tu.
Uliza magimbi yanauzwaje. Sikiliza jibu lote.

Nimebakiza kurasa kumi na moja tupu.
Peni iko kwenye droo ya kushoto.
Asubuhi, kwa baridi hii, haiandiki
mpaka uipulizie.